Baiskeli ya Kumchukua Ennie

Mama Eneless wa Kashikishi alikuwa na baiskeli mbili, mtoto wa kiume mmoja na mkwe mmoja, na katika hao wote hakuna aliyejua kupumzika isipokuwa Jumapili. Baiskeli ya kwanza aliiendesha mwanawe, Misheck. Ya pili aliiendesha mkwe, Evariste Mulumba, kijana aliyetoka Kilwa. Si ile Kilwa ya pwani ya mbali inayosifiwa vitabuni, bali Kilwa inayotazamana na Kashikishi ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire. Alfajiri wawili hawa walifunga magunia ya samaki wakavu juu ya keria, wakaifuata njia ya mchanga hadi soko la Mwansabombwe, na kesho yake wakarudi na unga wa muhogo. Kule ng'ambo serikali ilikuwa imewakataza watu kuitwa majina ya ubatizo, kwa hiyo kijana huyu alikuwa Evariste akiwa Kashikishi, na akivuka maji alikuwa Mulumba tu. Mwenyewe alisema jina si kitu. Shida ni pahali pa kulala.

Pahali pake pa kulala palikuwa uani kwa mama mkwe. Kwa desturi ya watu wa ufuko huu, kijana akioa hamchukui mke. Yeye ndiye anayechukuliwa. Hujenga kibanda kwao mke, akalima, akabeba, akatumwa, hadi siku wakwe watakapotosheka naye. Na muda huo wote yeye na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Evariste alikuwa na miaka minne ya kuingia majanini, naye alikuwa amechoka. Kilwa alikuwa na kiwanja alichoachiwa na baba yake, na kaka zake walikuwa wakimuuliza kila walipovuka kuja kununua samaki kama huku ameoa au ameolewa.

Maneno ya mama mkwe kwenda kwa mkwe, na ya mkwe kwenda kwa mama mkwe, yote yalipita kwa Ennie, binti wa huyu na mke wa yule. Alisimama mlangoni, mtoto Delphine mgongoni, mama yake ndani, mumewe nje, akayapokea ya huku na kuyapeleka kule. Kuta za udongo hazizuii sauti, kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini desturi ni desturi.

Siku Evariste alipopata ujasiri wa kuomba ruhusa ya kuhama na mkewe, jibu lilikuja hivi:

"Ennie, ambia bwana yako: mutoto wangu hataenda kwa miguu sawa mbuzi ya soko. Na hataenda juu ya kinga yangu. Siku atakuwa na kinga yake mwenyewe, amupakie, baende."

Kinga ndiyo baiskeli, kwa Kiswahili cha huku.

"Mama anasema..." Ennie akaanza.

"Nimesikia," Evariste akasema.

"Umesikia, lakini miye bado sijasema," Ennie akajibu, na akayasema yote tangu mwanzo hadi mwisho, mbuzi pamoja.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na baiskeli ya kuazima haimtoi mtu kwa wakwe. Evariste alilijua hilo. Lakini mbeba samaki anayelishwa na mama mkwe hupata wapi baiskeli? Alikaa na neno hilo tangu masika hadi kiangazi, na huenda angekaa nalo hadi leo, kama Bwana Mwila, mwenye duka kubwa pale Nchelenge, hangetangaza mashindano.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, Zambia inatimiza miaka kumi ya uhuru, na kila aliyekuwa na sauti katika wilaya alitaka kufanya jambo. Wengine walileta ngoma, wengine mpira. Bwana Mwila aliitundika baiskeli mpya kwenye dari ya duka lake, nyeusi, ingali na makaratasi kwenye fremu, akasema itakuwa ya mtu atakayetangulia kufika Mwansabombwe kutoka Kashikishi. Si kwa barabara kubwa, maana huko hata mlevi anafika. Kwa njia ya wabebaji: mchanga, mashamba ya mihogo, mawe, na vijito vilivyokauka.

Wabebaji wote wakajiandikisha. Misheck naye akajiandikisha.

"Bokilo," yaani shemeji, alimwambia Evariste, "miye naitaka ile kinga. Sitakuachia sababu uko bwana ya dada yangu. Lakini nitakufundisha, sababu kushinda mutu asiyejua haina utamu."

Misheck alikuwa mtu wa namna hiyo. Ndiye aliyemfundisha Evariste kila alichokijua juu ya baiskeli: kufunga mzigo usiyumbe, kushuka mteremko bila breki kwa kukanyaga tairi kwa soli ya kiatu, kuzisikiliza njiti za gurudumu na kujua ipi imelegea. Walikuwa mashemeji kwa ndoa, lakini marafiki kwa mchanga.

Mazoezi yalianza na aibu. Siku ya kwanza walipanda baiskeli bila mizigo, wakatoka mbio kuelekea Nchelenge, na kabla ya kanisa wote wawili walikuwa chini. Mbeba samaki amezoea kuvutwa nyuma. Mikono yake imejifunza kupigana na gunia, na gunia lisipokuwapo mikono inapigana na hewa, usukani unaruka huku na huku. Wanawake waliokuwa wakianika samaki walicheka hadi wakaweka ungo chini. Ikabidi waachishwe mzigo kama mtoto anavyoachishwa ziwa: kwanza gunia zima la mchanga, halafu nusu, halafu robo, mwisho jiwe moja lililofungwa kwenye keria. Walipolitoa hilo jiwe, baiskeli zilikwenda utadhani zimefunguliwa kamba.

Ufundi wa kutengeneza njiani walikuwa nao, lakini haukuwa wa haraka. Mbebaji akipasukiwa na tairi hukaa chini, huvuta sigara, hulaani miiba, ndipo hufungua gurudumu. Misheck akasema hayo yote yaishe, hata sigara. Jioni moja baada ya nyingine Evariste alikaa uani amefungwa kitambaa machoni, akifungua tairi, akiutoa mpira wa ndani, akiusogeza mdomoni taratibu, maana mdomo husikia pumzi ya tundu dogo ambalo jicho halilioni, na njia ya Oktoba haina maji ya kuuchovya. Halafu anakwaruza kwa kipande cha bati lililotobolewa kwa msumari, anapaka gundi, anahesabu pumzi zake, anabandika kiraka. Ennie alimshikia gurudumu. Ennie alimpa bati, akampa gundi, akampa pampu, kila kitu kabla hajakiomba. Alikuwa hodari kuliko yeye, ukweli usemwe. Evariste, kitambaa machoni, alikuwa akimsimulia jinsi nyumba ya Kilwa itakavyokuwa, mlango utaangalia wapi, mihogo italimwa wapi. Ennie alisema "ee" pale panapohitaji "ee".

Sasa, wabeba samaki wa njia ile walikuwa na sheria moja tu, na hakuna aliyeiandika. Humpiti mwenzako aliyeharibikiwa. Samaki hawangoji, jua halingoji, na mtu mmoja na mnyororo uliokatika kati ya vijiji viwili ni mtu wa kuhurumiwa. Kwa hiyo unashuka. Sheria hii ilikuwa na adabu yake: aliyeharibikiwa hakuombi. Hukuambia, "Pita tu, miye niko muzuri." Hata kama gurudumu lake limekunjika kama chapati, lazima aseme hivyo. Asiyesema huonekana hana adabu, na anayemwamini huonekana hana akili. Unashuka, unaegesha baiskeli yako, naye anasema tena pita, na wewe tayari umeshika bisibisi.

Siku ya mashindano watu walijaa ufukoni, ngoma zikalia, padri akabariki magurudumu, Bwana Mwila akapuliza filimbi. Kundi likaondoka kwa vumbi na kelele. Ennie alikuwa nyuma ya watu, na mama yake alikuwa mbele ya watu akiwapigia vigelegele wote wawili, mwana na mkwe, bila kumtazama mkwe.

Hawajamaliza mchanga wa kwanza, mnyororo wa Goodson ukakatika. Goodson alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, mbeba dagaa. Akashuka, akasema, "Piteni tu, miye niko muzuri."

Na kundi zima likashuka.

Hakuna aliyefikiri. Mmoja alikuwa tayari na jiwe, mwingine na msumari, wa tatu ameshika ncha mbili za mnyororo, Evariste anasukuma pini itoke, Misheck anampa Goodson maji. Walikuwa wanajadili kama mnyororo utafaa ukipunguzwa pingili moja, wakati gari la Bwana Mwila lilipofika kutoka upande wa barabara kubwa na mwenyewe akashuka, kofia mkononi.

"Munafanya nini?"

"Tuko natengeneza mnyororo, mukwai."

"Wa nani?"

"Wa Goodson."

"Na nani anashindana?"

Wakatazamana. Kweli, hapo hapakuwa na mtu anayeshindana. Bwana Mwila akatukana kwa Kibemba, akatukana kwa Kiingereza, akarudi garini. Wabebaji walibaki na haya kama watoto waliokutwa wanacheza kanisani. Ndipo Misheck aliposimama.

"Bandugu," akasema, "leo sheria inalala. Kesho itaamuka. Mutu akiharibikiwa, ajitengeneze yeye mwenyewe. Sawa?"

"Sawa!" wakaitika, hata Goodson mwenyewe, wakacheka, wakapanda. Goodson akabaki na msumari mkononi na mnyororo magotini. Ilikuwa mara ya kwanza katika njia ile, na baada ya kona moja tu kila mtu aliona ni jambo la kawaida.

Jua likapanda. Kundi likakatika vipande vipande. Mbele walikuwa wawili tu, Misheck na Evariste, kama siku zote, isipokuwa leo hawakuzungumza. Walivuka mashamba ya mihogo, wakabeba baiskeli begani penye mawe, wakapanda tena. Penye mti ulioanguka mwiba ulipenya tairi la nyuma la Evariste. Misheck hakugeuka, na Evariste hakutarajia ageuke. Akafanya kama alivyofundishwa: mdomo, bati, gundi, pumzi, kiraka. Alifumba macho akifanya, akaona ni rahisi zaidi. Akapanda. Mbele kidogo mpira ukapasuka penye vali, na hapo hakuna kiraka duniani kinachosaidia. Akautupa. Chini ya kiti alikuwa amefunga kipande cha wavu mkuukuu wa nailoni. Akaukunja, akausokomeza ndani ya tairi, akaufinyilia kwa vidole hadi tairi likajaa, akalirudisha kwenye rimu kwa meno na magoti. Baiskeli ilikuwa nzito na ikimpiga makalio kila zamu ya gurudumu, lakini ilikwenda.

Alilia njiani. Si kwa maumivu. Alijua kwamba Misheck yuko mbele sana, na kwamba baiskeli nyeusi itarudi uani kwa Mama Eneless na kuwa ya tatu, na yeye ataendelea kuingia majanini hadi nywele zigeuke mvi.

Halafu, katika kijito kikavu cha mwisho, kabla ya kilima cha Mwansabombwe, akamwona Misheck amekaa chini.

Uma wa mbele wa baiskeli yake ulikuwa umevunjika, gurudumu limelala peke yake kando. Misheck alikuwa ameegemea ukingo, mkono mmoja ameuingiza ndani ya shati, kama mtu anayejikuna. Uso wake ulikuwa na vumbi. Akatabasamu.

"Pita tu, bokilo," akasema. "Miye niko muzuri."

Jambo la kwanza Evariste aliloona moyoni lilikuwa furaha. Haifai kulificha. Kabla ya huruma, kabla ya wasiwasi, furaha ilimpanda hadi masikioni. Alipunguza mwendo; mguu wake mmoja uligusa mchanga, maana miguu ilikuwa na desturi yake. Akatazama kile kilima. Akamtazama Misheck, lakini alimtazama kama unavyotazama mtu unapotaka kuona kwamba yu mzima. Sheria imelala, akajiambia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeilaza. Na amesema niko muzuri.

Akapita.

Mwansabombwe walimpokea kwa ngoma. Walimbeba juu yeye na baiskeli mpya, wakammwagia unga kichwani, Bwana Mwila akahutubia juu ya miaka kumi ya uhuru na faida ya kununua vipuri dukani kwake. Wa pili akaingia, na wa tatu, na wa nne. Evariste alimuuliza kila mmoja, "Misheck iko wapi?" na kila mmoja akajibu, "Nilimupita ku kijito. Anasema iko muzuri."

Aliyeshuka alikuwa Goodson, wa mwisho kabisa, ambaye alikuwa tayari ameshindwa na hakuwa na cha kupoteza. Alimkuta Misheck si pale kijitoni bali juu ya kilima, kifudifudi. Alipoona wote wanapita, Misheck aliona haya kukaa. Alijaribu kuiburuta baiskeli kwa mkono mmoja, akaanguka tena juu ya bega lile lile lililokuwa limevunjika tangu mwanzo. Hilo ndilo alilokuwa ameficha ndani ya shati.

Hospitalini walimfunga wakampa dawa. Baada ya majuma kadhaa walipofungua, mkono ulikuwa unainuka hadi kifuani, na hapo unakoma. Mwenye mkono wa namna hiyo anaweza kula, anaweza kusalimia, anaweza hata kushona wavu. Hawezi kushika usukani wenye gunia nyuma yake.

Hakuna aliyemlaumu Evariste. Angelaumiwa ingekuwa nafuu. Misheck alisema, "Nilisema sheria ilale, ikalala. Wote balinipita, si weye peke yako," akamwomba amwashie sigara. Siku moja tairi la Evariste lilipopasuka njiani wabebaji wote walishuka kama kawaida, wakabandika kiraka, wakampa pampu, hakuna aliyekosa heshima. Lakini hawakupiga soga. Walitengeneza, wakaenda.

Na Mama Eneless? Ahadi ni deni, na yeye hakuwa mwanamke wa kudaiwa. Baiskeli si ipo? Basi akaita jamaa zake, wakapika siku nzima: samaki wabichi, samaki wakavu, kuku, majani ya muhogo kwa karanga, ugali wa aina mbili. Ilikuwa ile karamu ya kumwingiza mkwe nyumbani, ambayo ikishafanywa mkwe na mama mkwe hutazamana na kusemezana, na baada yake mtu yuko huru na mke wake. Walimketisha Evariste kwenye mkeka, wakafunua chungu kimoja kimoja mbele yake. Mwisho mama mkwe mwenyewe akaja, akapiga magoti, akamtazama usoni. Evariste alikuwa hajawahi kuona kwamba macho yake ni ya Ennie.

"Mama," akasema, "miye, juu ya Misheck..."

"Sikukuita uombe musamaha," Mama Eneless akasema. "Nilikuita ule. Kula, mutoto wangu. Kesho kutwa boti iko ya kwenda Kilwa. Neno langu ni lile lile."

Akala. Chakula kilikuwa kitamu.

Boti za Kilwa ziliondokea Nchelenge. Siku ya safari Evariste alifunga vyungu na mkeka juu ya usukani wa baiskeli mpya, akampandisha Ennie kwenye keria, Delphine mgongoni kwake. Mama Eneless hakuwapo kuwaaga. Misheck alisema ametoka mapema, ana kazi, na akawapungia kwa ule mkono mzima hadi wakapotea. Asubuhi ilikuwa nzuri, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na kuushika mchanga. Kwa mara ya kwanza tangu karamu Evariste alianza kuongea. Akaongea juu ya nyumba, juu ya mlango.

Kabla ya Nchelenge, walimwona mtu mbele yao anasukuma baiskeli. Mzigo ulikuwa umefungwa vibaya, umelalia upande mmoja, na yule mtu aliuegemea kwa bega kuuzuia usianguke, hatua mbili, anapumua, hatua mbili. Kitambaa cha kichwani kilikuwa cha Mama Eneless. Baiskeli ilikuwa ile ambayo Evariste alikuwa ameiendesha miaka minne na kuirudisha juzi, imefutwa vumbi. Gunia lilikuwa la samaki, na njia ilikuwa ya Mwansabombwe.

Kabla hawajamfikia mnyororo ukatoka. Mama Eneless akasimama, akautazama ule mnyororo unavyoning'inia, akajua kwamba hajui kuurudisha.

Evariste alishuka. Hakungoja kuambiwa lolote wala hakuambiwa. Akaegesha baiskeli mpya, akapiga goti, akarudisha mnyororo penye meno yake, akafungua kamba za mzigo, akaufunga upya ukakaa katikati. Mikono ilifanya yote bila yeye. Alipomaliza akasimama, akangoja, sijui alingoja nini.

"Asante," Mama Eneless akasema. "Endeni. Boti haitawangojea."

Honi ya boti ikalia bandarini. Evariste akageuka kwenye baiskeli yake. Keria ilikuwa tupu. Ennie alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama nyuma ya gunia la mama yake, ameliwekea mikono miwili, mtoto mgongoni, tayari kusukuma.

"Ennie," akasema. "Panda. Mama amekubali."

"Weye uliomba mama," Ennie akasema. "Mama akakubali. Padri akabariki kinga. Misheck akavunjika. Miye hamukuniuliza, hata mutu moja."

Alisema polepole, wala hakuwa na hasira. Miaka minne alikuwa amesimama mlangoni akipokea maneno na kuyapeleka, na mume wake hakuwahi kujiuliza lake ni lipi. Evariste aliona haya iliyokuwa kubwa kuliko ile ya kijitoni, kwa sababu kule alimpita mtu mara moja, na huyu amempita miaka minne.

Honi ikalia tena.

"Basi nakuuliza," akasema. "Unataka kwenda Kilwa?"

Ennie alilitazama ziwa, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye usukani na mabega yanapanda na kushuka.

"Unaniuliza mu njia, na muzigo iko nangojea," akasema. "Shika huku kwanza."

Evariste akashika.